Bandu Bandu

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
kuna alama za penseli: mimi, miaka minne;
mimi, miaka saba na nusu (hiyo nusu niliidai mwenyewe);
mimi, mwaka nilioanza kuazima viatu vya mama.
Upande wa pili, kwa wino, yeye:
1998. 2009. 2016. Juzi.
Zangu zinapanda. Zake zinashuka
kama mtu anayeteremka ngazi usiku,
akipapasa ukuta.

Sentimita saba, Leokadia Pietrzak.
Zimekwenda wapi?

Daktari Wilczek ni mwema, ana haraka, ana fomu.
Unavuta sigara? Mama yako aliwahi kuvunjika nyonga?
Unakunywa maziwa?
Anajibu kama mwanafunzi: hapana, hapana,
siku hizi, ndiyo.

Fomu haikuuliza habari ya kiwanda cha nyuzi,
miaka ishirini na sita, zamu ya usiku,
Łódź ya kipupwe, anaingia kazini jua limekwisha kuzama,
anarudi, anafunga pazia, analala,
na jua linapita barabarani kama jamaa tajiri
asiyebisha hodi.
Haikuuliza foleni ya maziwa ilianza saa ngapi,
wala chupa ilipofika nyumbani nani alikunywa.
(Mimi. Na kaka yangu Zbyszek. Na baba, akiwa amerudi.)
Yeye alisuuza chupa, akanywa yale maji meupe,
akasema anayapenda hivyo.
Nilimwamini. Nilikuwa na kiu.

Haikuuliza ghorofa ya ngapi.
Ya nne. Lifti imo kwenye ramani ya jengo,
na humo ndimo ilimobaki.
Vidato sabini na viwili. Amejifunza
kununua viazi viwili viwili.

Kwanza kilivunjika kifundo cha mkono, mwezi wa Februari,
kwenye barafu, nje ya duka la mikate.
Wakamfunga plasta. Wiki ile ile alirudi kusafisha
nyumbani kwa Bi Halszka Rudnicka, kwa mkono mmoja,
kwa sababu pensheni hufika tarehe ishirini ikachoka
na mwezi hauna habari.

Bi Halszka, mjane wa meneja wa kiwanda kile kile.
Nyumba haina ghorofa. Mazulia yameondolewa asijikwae.
Sindano kila miezi sita, na kila kiangazi
wiki tatu kwenye chemchemi za chumvi.
Siku moja mama, akifuta vumbi mezani,
aliona karatasi ya kipimo chake:
hasi tatu nukta moja.
"Sawasawa na yangu," aliniambia jioni,
karibu kwa fahari. "Nukta kwa nukta."

Dirisha la sebuleni, la Bi Halszka, lilikuwa limekwama.
Mama alilivuta. Akasikia *ka*,
kama mtu amevunja tambi kavu.
"Nilidhani ni fremu," alisema.
Ilikuwa pingili ya mgongo wake.

Bi Halszka alilia, nisimsingizie.
Aliita teksi, akalipa, akampa mkanda wake wa kiuno,
wa zamani, wenye mfuko wa kuhifadhia.
Ulimkaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Bandu bandu huisha gogo, husemwa,
kana kwamba gogo hujibandua lenyewe.

Sasa kuna kidonge, kimoja kwa wiki, Jumapili asubuhi.
Kwa tumbo tupu, kwa maji ya bomba.
Kisha ukae wima nusu saa, limeandika sanduku,
usilale, usiiname.
"Nusu saa!" Alimtazama mfamasia
kama aliyetajiwa bei ya nyumba.

Leo ni Jumapili. Nimemwekea kiti penye dirisha,
mwanga umemfika usoni, hana pa kuupisha.
Mikono mapajani, haijui ishike nini.
Nimegeuka kuosha vikombe.
Dakika ya kumi na mbili nasikia kisu:
anamenya viazi,
vyote viwili,
wima.